Siku Niliyompa Mtani Birika Langu

Sisimizi ndio waliogundua kisukari changu, kabla ya daktari. Walijipanga mstari kutoka ukutani hadi chooni kwetu uani, wakapita juu ya kandambili zangu za kutawadhia bila hodi. Mke wangu akawamwagia majivu, wakarudi. Mimi, niliyefundisha watoto Kurani tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, nikapata hapo mada ya darsa. Niliwaambia wanafunzi wa madrasa kwamba mdudu mdogo kama yule ana bidii kuliko wao wote. Darsa likapendeza sana. Hakuna aliyeuliza wale wadudu walikuwa wanafuata nini chooni kwangu, na mwalimu wao hakuuliza pia.

Chanzo kilikuwa chai. Hapa Kichangani chai yangu ilijulikana mtaa mzima. Niliichemsha kwenye birika la shaba nililorithi kwa mjomba, kaka wa mama, maana sisi Waluguru ukoo tunaufuata upande wa mama. Iliki na mdalasini vilishuka kutoka Matombo vikiwa bado na unyevu wa mlimani. Sukari niliitia ndani ya birika lenyewe, ili mgeni asipate nafasi ya kukataa. Niliuita huo ukarimu.

Walipopima damu yangu hospitalini, daktari, binti wa umri wa wajukuu zangu wakubwa, aliniamkia shikamoo kisha akanipa habari kwa upole. Niliipokea kwa fahari. Nilisema alhamdulillah kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la nje, na Ijumaa iliyofuata nikazungumza msikitini juu ya subira ya Nabii Ayubu, amani iwe juu yake, huku nikiwaachia watu waone wenyewe jinsi tunavyofanana. Mzee mmoja alilia. Nilirudi nyumbani nimeridhika, nikala visheti vilivyobaki kwenye walima wa jirani.

Mke wangu aliondoa sukari yote nyumbani. Nikawa naficha kashata ndani ya kofia yangu ya akiba, juu ya kabati. Alizikuta bila kutafuta. Aliwafuata sisimizi tu.

"Mzee," aliniambia, ameishika kofia kwa ncha za vidole, "hii nayo ni sunna?"

Kwa muda ugonjwa wangu ulikuwa kichekesho cha nyumba. Kwenye khitma niliandaliwa sahani ya peke yangu, dona na matembele, na wenzangu walionizunguka na sinia la pilau walinitazama kama maiti iliyochelewa kuzikwa. Niliwajibu kwa mzaha, wakacheka, nikala dona langu.

Kisha kichekesho kikaisha, wala sikuona kilipoishia. Miguu ilianza kuwaka kama nimekanyaga makaa, halafu ikafa ganzi, nikawa natawadha huku natazama kama maji yamefika kweli. Herufi za msahafu zikaanza kuogelea. Mchana nilisinzia, usiku nilikesha njiani kwenda chooni. Chakula kikakosa ladha, hata kile cha kuiba. Kashata ya mwisho niliyoificha ilikaa mpaka sisimizi wakaimaliza, na sikuona uchungu. Ningekuwa na akili, hapo tu ningejua kwamba kuna jambo.

Ramadhani ikaingia. Daktari alinikataza kufunga. Hukumu yenyewe naijua. Naifundisha kila mwaka, kwamba mgonjwa ana ruhusa na ruhusa ni rehema. Nimewahi kumgombeza mama mmoja mjamzito mbele ya wenzake kwa kuikataa rehema hiyo. Mimi nikafunga. Siku moja niliyumba katikati ya swala ya tarawehe nikashikilia nguzo, na mtu wa safu ya nyuma akamnong'oneza mwenzake kwamba mzee amezidiwa na unyenyekevu. Nilizidiwa na sukari, lakini sikumsahihisha.

Baada ya Idi niliacha vidonge. Nikaiita tawakali. Neno hilo nimelifundisha miaka mingi, na sijawahi kulitumia vibaya kama nilivyolitumia hapo, maana ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kutaka kufa.

Nalisema bila kuzunguka kwa kuwa nilizunguka vya kutosha wakati ule. Haikuwa ile hamu ya mcha Mungu ya kukutana na Mola wake, ingawa niliivalisha kanzu hiyo. Ulikuwa uchovu ulioniambia kila asubuhi kwamba nyumba ingepumua vizuri bila mimi. Mwanzoni uliongea na kupita. Baadaye ukazoea kukaa, na mwisho ukaanza kunipa mashauri. Mashauri hayo siyaandiki hapa. Aliyewahi kufika hapo anayajua, na asiyefika hana haja nayo.

Mtu wa dini akitaka kufa ana mkosi mmoja: dalili zake zote zinafanana na ucha Mungu. Nilipokula kidogo watu walisema mzee ameipa dunia mgongo. Niliponyamaza walidhani namtaja Mola moyoni. Nikaanza kugawa vitu vyangu: vitabu nikavipeleka madrasa, saa ya mkononi nikampa mkwe wangu, kanzu nzuri ya Idi nikampa muadhini, ingawa ni mfupi na ilimburuta. Wote waliniombea dua. Sijapata kusifiwa maishani kama miezi ile niliyokuwa naoza.

Aliyeniharibia sifa hizo ni mtani wangu.

Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu. Kwa hiyo anaruhusiwa kunitukana mbele ya wajukuu, kuingia hadi jikoni na kuchukua kitu changu chochote, nami siruhusiwi kununa. Wajibu wangu ni kumrudishia tusi kubwa zaidi, kisha kukikomboa kitu changu kwa kuku au kwa ahadi ya kuku. Nikifa, wajibu wake ni kuwachekesha wafiwa, na hata kulala ndani ya kaburi langu akigoma kutoka mpaka apewe chochote. Ni mkulima wa ndizi na viungo kule Matombo, Mkatoliki mwenye msalaba wa mbao shingoni, na aliniita Shehe Sukari kabla hata sijaugua. Kila aliposhusha ndizi mjini alipita kwangu, na kila alipopita alichukua birika la shaba. Miaka yote hiyo hajawahi kulifikisha getini.

Siku hiyo alinikuta nimekaa barazani. Alikuwa na mkungu wa ndizi mbivu uliokosa mnunuzi, akautua mbele yangu.

"Shehe Sukari! Bado unapumua? Mwenzio nimeshanunua nguo ya matanga."

"Karibu," nikasema.

Akasubiri. Alikuwa amezoea kwamba hapo nitamtukana mpaka kuku wa jirani waruke.

"Karibu tu? Ndevu zote hizo hazina tusi hata moja ndani?"

Akaingia ndani, akatoka amebeba birika kichwani. "Naondoka nalo. Mke wangu atalelea vifaranga humu."

"Chukua," nikasema. "Vikombe vyake viko kabatini. Chukua vyote."

Akacheka peke yake, akaanza kuondoka. Nimewaona wezi wakikimbia, lakini sijamwona mwizi aliyetembea taratibu kama yule. Alikwenda kwa mwendo wa bibi harusi. Kwenye mpapai aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu, naye amevaa kandambili. Getini akakohoa. Alipotoka nililiona birika likienda juu ya ukuta, likasimama, likarudi nyuma kidogo, likasimama tena. Kisha akaja mbio, amelikumbatia kifuani.

"Hujaniita," akasema.

"Nimekupa."

"Nani kakuomba unipe? Mimi naiba, siombi!" Alikuwa amekasirika kweli, midomo inamcheza. "Nimekukosea nini, mtani? Mbona kama unaniaga?"

Maneno nilikuwa nayo tayari, yaleyale yaliyowaliza watu msikitini. Nikamwambia kwamba dunia ni mapito, na mja hana haja ya kushikilia shaba.

"Hayo kawaambie wenzako wa safu ya mbele," akasema. "Shaba hii umeigombania na mimi tangu tukiwa vijana. Na ujue, siku utakayokufa nitalala kaburini mwako mpaka jua lizame. Ukoo wako utatoa mbuzi."

"Hutangoja sana," nikamjibu.

Birika akaliweka chini polepole. Akavua kofia yake, akakaa sakafuni karibu na miguu yangu.

"Unaumwa kiasi hicho?"

"Siumwi kiasi hicho."

"Sasa?"

Akanitazama usoni, kisha akaitazama miguu yangu, iliyokuwa imeanza kuvimba.

"Unataka kujiua, mtani?"

Nimeulizwa mengi maishani: mirathi, talaka, ndoto za watu, mpaka kama jogoo aliyeibiwa ni halali kuliwa. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, maana walioniheshimu wasingethubutu. Yeye hakuwa na heshima yoyote ya kunilindia. Nikasema ndiyo. Nikalia kama mtoto aliyepotea gulioni, kamasi zikashuka mpaka ndevuni.

Ningependa kuandika kwamba alinipa maneno ya hekima. Alisema, "Lo." Akatulia, akasema tena, "Lo, lo." Halafu, kwa kuwa hakujua afanye nini, akachuma ndizi mbivu kwenye ule mkungu akanipa. Nilipoipokea akakumbuka sukari, akaninyang'anya, akaila yeye.

Alipomeza alinyanyuka, akaita kwa nguvu mpaka jirani akachungulia. "Shemeji! Njoo ukae na huyu mtu, usimwache peke yake, mimi natafuta bajaji!"

Mke wangu alitoka na mikono yenye unga. Nikamwambia mwenyewe, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuitumia kwenye mimbari. Alikaa kando yangu, akanishika goti, unga ukabaki kwenye msuli niliojifunga.

"Mimi nilidhani unakuwa walii," akasema. "Nikaogopa kukusumbua."

Hakuwa anatania, na ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka nacheka na kuumia kwa pamoja.

Tukapanda bajaji sote watatu, mimi katikati. Birika lilikuwa mapajani mwangu kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuliacha, na ule mkungu wa ndizi ulikuwa miguuni kwa kuwa mtani alikataa kuuacha. Tulipofika kliniki ya kisukari benchi lilikuwa limejaa. Niliwaomba tukae mwisho, tusubiri kwa adabu. Mtani akamnyooshea shingo muuguzi aliyekuwa mlangoni.

"Dada, huyu ana sukari na anataka kufa! Aanze yeye!"

Benchi zima likageuka. Katikati yao alikuwepo yule mzee aliyelia siku ya Ayubu. Alinitazama, akasogea, akanipisha, na wengine wakasogea pia. Nimezoea kupewa nafasi ya mbele, ila siku zote nilikuwa nimekuja kuhutubia.

Daktari alikuwa yuleyule binti. Sukari ilikuwa juu kiasi kwamba kile kimashine cha kupimia kilishindwa kutoa namba. Akaniuliza nalala vipi, nakula vipi, tangu lini nimeacha vidonge, na kama nina nia ya kujidhuru. Nilijibu mawili ya kwanza. La tatu nikaligeuza mawaidha, nikaanza kumweleza kwamba muumini hakati tamaa na kwamba tawakali ina daraja zake.

"Babu," akasema, "nami naswali. Sijakuuliza imani, nimekuuliza vidonge."

Nikamwambia. Na lile la nne nikamwambia.

Akaweka kalamu chini. Alinieleza kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu haichoshi miguu na macho peke yake, inachosha na kichwa. Majonzi yakishaingia, mtu huacha dawa na hajali anachokula. Sukari inapanda tena, na majonzi yanazidi, vikivutana hivyo mpaka mtu anafika nilipofika. Alisema wenye kisukari wanaangukia huzuni nzito mara nyingi kuliko wasio nacho, na baadhi yao hupata mawazo kama yangu, ila wengi hawasemi. "Nami nilipaswa kukuuliza mapema," akasema. "Nilikuona mzee wa dini, nikadhani uko salama."

"Kwa hiyo si jini?" mtani akauliza kutoka mlangoni, ambako hakuna aliyemwita.

"Si jini. Wala si upungufu wa imani. Ni ugonjwa juu ya ugonjwa, na yote mawili yana tiba."

Walinilaza siku kadhaa. Daktari akaja na mwenzake wa afya ya akili, bwana mmoja mpole aliyekaa nami akanisikiliza. Kwa mtu aliyezoea kusikilizwa na watu waliokaa chini kwenye mkeka, ilinichukua muda kujua kwamba hapa hakuna anayenisubiri nianze kufundisha. Mke wangu akaambiwa atunze dawa yeye, nisiachwe peke yangu siku za mwanzo, na aondoe nyumbani chochote kinachoweza kunidhuru. Aliifanya kazi hiyo kwa ukali wa askari magereza. Hata uzi wa tasbihi yangu aliukagua.

Mtani alipoaga alilichukua birika. "Hili nalishikilia," akasema. "Ukilitaka utakuja kulidai."

Nilimwambia alichukue salama. Sikulitaka. Aliangalia pembeni, akaondoka, na safari hii hakutembea taratibu.

Sitadanganya kwamba niliamka kesho yake nikiimba kasida. Damu ilianza kutengemaa kabla ya moyo. Nilimeza vidonge nikiwa nimefungua kinywa mbele ya mke wangu, kama mtoto mwenye minyoo. Nilitembea asubuhi hadi mtoni na kurudi, nikiwa nimevaa viatu vya mazoezi vya mjukuu, vyenye rangi ambayo sitaitaja. Nilirudi kwa yule bwana mpole kila aliponiita. Msikitini watu walikwishapata habari, mtani alihakikisha. Nikategemea watanikwepa. Badala yake walianza kuja barazani mmojammoja, wakijifanya wamekuja kuuliza habari za dawa ya miguu.

Tangu hapo, mwenye kisukari akinijia, namuuliza analala vipi. Nikiona dunia imemchosha, namuuliza waziwazi, kama nilivyoulizwa, kama anafikiria kujiua. Akisema ndiyo tunakwenda hospitali saa ileile. Dua tunaisoma njiani.

Lakini habari ya birika ilikuwa haijaisha. Nilijua kwamba mke wangu anaisubiri, maana kila asubuhi alinichemshia chai ya mkandaa, kavu bila maziwa wala sukari, kwenye sufuria bila kusema lolote kuhusu birika, huku akinitazama ninapokunywa. Nilikunywa. Ilikuwa chai tu.

Asubuhi moja nikaonja, nikasimama. Chai ilikuwa na ladha ya sufuria. Ya sufuria hasa, yenye harufu ya maharage ya jana. Nikaonja tena, na hasira ikanipanda, hasira ndogo safi ya mtu aliyeibiwa.

"Yule mwizi wa Matombo ana birika la mjomba wangu!" nikasema.

Mke wangu akaacha kufagia. Akanitazama, akafunika uso kwa khanga, mabega yakamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa analia, na alikuwa anacheka.

Siku hiyohiyo nikapanda gari la kwenda Matombo. Barabara ilinirusha mpaka kofia ikaanguka kwenye kapu la mtu, nikaiokota ina harufu ya mapera. Nilipofika nikapanda njia ya miguu kati ya migomba, napumzika kila palipo na jiwe, namshukuru Mola kwa kila jiwe. Mbele ya nyumba ya mtani nikasimama, nikakusanya pumzi.

"Mwizi wa mabirika! Wewe mwenye sura ya ndizi iliyosahaulika juani! Toka nje kabla sijaingia nikakusilimisha!"

Kuku wakanitazama. Kisha sauti ikatoka ndani, nyembamba, haikukaa sawa.

"Nani huyo anayebweka?"

"Mwenye birika!"

Akatoka nalo mikononi. Alikuwa amelisugua kwa majivu na ndimu mpaka likang'aa kuliko lilivyowahi kung'aa kwangu. Hakulelea vifaranga humo. Macho yake yalikuwa mekundu, naye alijifanya ni moshi wa jikoni, ingawa jikoni hapakuwa na moto.

"Jogoo," akasema.

"Kifaranga."

"Jogoo mwekundu, anayewika."

"Kifaranga kipofu, na ninakuonea huruma."

"Shehe mchoyo!" akapiga kelele, akafuta pua kwa kiganja. "Umepanda mlima wote huu na kifaranga kipofu?"

Kengele ya misheni ikalia mchana. Akapiga ishara ya msalaba, nami nikamwomba maji ya kutawadhia. Alinimiminia kutoka kwenye birika lenyewe, akanionyesha kibla kule kwenye migomba, kama anavyonionyesha siku zote. Alisimama kando akinisubiri, birika amelibana kwapani nisije nikalinyakua nikiinuka kwenye sijda. Nilipotoa salamu tukaendelea pale tulipoishia.